Nilimsingizia Marehemu Mbuzi wa Mjomba Wangu

Nimekosa, jamani. Nalisema mwanzo kabisa, nisije nikajitafutia kichaka cha kujificha.

Mimi ni bibi wa Mikindani. Magoti yananiuma, na shule yangu ni ile ya kisomo cha watu wazima, tuliyokwenda jioni na vibao vyetu tukafundishwa kuandika majina. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku nne. Mjukuu wangu Rehema alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Angeyapamba, naye ananipenda, angenipunguzia kosa.

Kitu kimoja Mungu alinipa: sisahau jina. Nikutajie mbuzi wa mama yangu? Kipara, Mashaka, Sikujua, na beberu wetu Karani, maana alikuwa na ndevu na dharau. Wenzangu niliochezwa nao unyago nawataja mmoja mmoja, na baba zao, na waliowaoa. Mtaani wakibishana nani alizikwa kabla ya nani, wanakuja barazani kwangu. Nikisema, mabishano yamekwisha.

Na kwa kipaji hicho hicho nimeua urafiki wa watu wawili. Loo!

Mume wangu, nitamwita Baba Zaina, alikuwa bwana mifugo. Huku kwetu pwani mbung'o hawakuacha ng'ombe wengi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa mbuzi, kuku na mbwa. Chuoni alisoma na rafiki mmoja wa Mpwapwa, ambaye baadaye akaendelea na masomo akawa daktari wa mifugo mkubwa. Walipostaafu wote wawili wakaanza kuandikiana. Barua! Si simu. Rehema alikuwa anamcheka babu yake.

"Babu, si umpigie tu? Dakika mbili umemaliza."

"Simu haikai kwenye faili," anamjibu.

Walikuwa wanatunga kitabu cha habari za zamani za uganga wa mifugo huku kusini. Nani walitibu mbuzi kabla ya bwana mifugo wa kwanza kufika, kwa majani gani, magonjwa gani yalipita na yalipita njia ipi. Barua ikija, Baba Zaina ananisomea baada ya alasiri, mimi nakuna nazi. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Daktari anaandika, "Ninyi watu wa korosho, ng'ombe mnamjulia kwenye supu." Naye anamrudishia, "Na ninyi samaki mnamjulia kwenye kopo."

Lakini kwenye kazi Daktari alikuwa mkali. Mara ya kwanza Baba Zaina alimpelekea kurasa zilizoanza na "Tangu enzi za mababu zetu". Zikarudi zimechorwa wino mwekundu: "Mababu gani? Futa. Anza na mbuzi aliyekufa." Akiandika "inasemekana", anajibiwa, "Inasemekana na nani? Mtu ana jina, ndugu yangu. Lilete."

Jina! Hapo ndipo mimi nilipoingia. Baba Zaina hakuwa mtu wa huku, alihamishiwa tu kikazi. Majina yalikuwa kwangu. Basi kila barua ya Daktari ikawa inaishia hivi: "Muulize shemeji." Nami nasema, mume wangu anaandika. Nani alijua kumtoa mbuzi mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Nani alitibu upele kwa mafuta gani. Jamani, nilijisikia mtu! Mimi niliyejifunza a-e-i-o-u nikiwa na watoto watatu, maneno yangu yanasomwa na daktari Mpwapwa!

Siku moja ikaja barua yenye swali. Daktari alikuwa anafuatilia ule ugonjwa wa mbuzi wa kukohoa uliopita vijiji vya mdomoni mwa Ruvuma kabla ya uhuru. Serikali ya Waingereza ilikuwa imepiga marufuku mbuzi kuvuka kutoka ng'ambo kwa Wareno, lakini kuna mtu alivusha. "Ni nani? Muulize shemeji, ni kwao."

Baba Zaina akashusha miwani. "Mama Zaina, wakati ule ulikuwa msichana. Unalijua hili?"

Nilikuwa nalijua kuliko ninavyojua jina langu.

Aliyevusha ni Mjomba Selemani, kaka yake mama. Alivusha kwa ajili yangu! Nilikuwa natoka unyagoni, na kwetu mtoto ni wa mjomba. Mwali akitoka bila mbuzi wa mjomba, aibu haimwendei baba, inamwendea mjomba. Huku kwetu mbuzi hawakutosha, ng'ambo alikuwa na ndugu. Akavusha saba kwa mtumbwi. Wawili walikuwa wanakohoa tokea majini. Tukachinja hao wawili, tukala, tukacheza ngoma. Watano wakaingia zizini kwa mama. Mwezi haukwisha, Kipara amekufa, Mashaka amekufa, Karani amekufa, na kijiji kizima hakuna uani palipobaki mlio wa mbuzi. Nyumba zenye watoto wadogo zilikosa maziwa. Mjomba akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, hili libaki tumboni mwako." Nikaliweka tumboni zaidi ya miaka sitini.

Sasa mume wangu ameshika kalamu, ananitazama. Mjomba ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nimtaje aandikwe kitabuni kwamba ndiye aliyemaliza mbuzi wa kijiji?

Nikasema, "Mzee Nalinga."

Jina lilitoka lenyewe, kama mate. Mzee Nalinga alikuwa mganga wa mbuzi, Mmakua aliyehamia kutoka ng'ambo, mjane, hana mtoto. Siku za ugonjwa ule kila ulipomwona alikuwa katikati ya mbuzi wagonjwa, na watu walikuwa wakimwangalia vibaya. Amekufa zamani. Nikajiambia moyoni, hana wa kumlilia, hana wa kuniuliza. Astaghfirullah!

"Una hakika?" Baba Zaina akauliza.

"Baba Zaina, lini nimekosea jina?"

Akaandika.

Zikapita kama wiki sita. Daktari akajibu, na barua hii haikuwa na utani. Alikuwa amepekua makaratasi ya zamani ya ofisi moja ya mifugo, akakuta imeandikwa kwamba mtu aitwaye Nalinga alitembea kwa miguu mpaka Mikindani kutoa taarifa ya ugonjwa, na ndiye aliyewaambia watu watenge wazima na wagonjwa. "Mtu aliyevusha mbuzi kwa kificho hawezi kutembea mchana kweupe kwenda kujishtaki," Daktari aliandika. "Naona shemeji amechanganya. Tuifuate karatasi. Karatasi haina ndugu."

Nilipolisikia neno hilo mbuzi ya kukunia nazi ilinitoka mkononi nikajikata kidole. Alikuwa hajui lolote, masikini, lakini alinigusa penyewe!

Baba Zaina akakasirika. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu! "Anakuita mchanganyaji," akasema. "Karani wa mkoloni aliyekaa ofisini ndiye anajua, na wewe uliyekuwapo hujui?" Akakaa siku mbili anaandika jibu. Alipomaliza akanisomea, kama kawaida yake, kabla ya kulitia kwenye bahasha. Mwisho wake nakumbuka neno kwa neno: "Kama shahidi wangu ni mwongo, basi na mimi ni mwongo, na kitabu hiki kiandike peke yako."

Akanitazama. "Nimekutetea?"

Jamani, wanangu! Hapo ndipo. Kinywa kilikuwa changu, mume wangu alikuwa mpole, angenisamehe. Neno moja tu, Selemani, lingetosha. Nilikuwa napembua mchele. Nikaendelea kupembua.

"Umeandika vizuri," nikamwambia.

Barua ikaenda. Jibu halikuja.

Kila Alhamisi Baba Zaina alikuwa akipanda bajaji kwenda mjini Mtwara kufungua sanduku la posta. Akirudi simuulizi, naangalia mikono. Mwanzoni alikuwa anasema, "Posta za siku hizi!" Baadaye akawa anasema, "Hamna," na baadaye hasemi kitu. Rehema akamwambia, "Babu, namba yake ninayo, nikupigie?" Akajibu, "Aanze yeye, ndiye aliyemtukana bibi yako." Miaka miwili! Mtu aliyekuwa anaamka akiwaza aya, akawa anakaa barazani anahesabu nani kapita na ndoo. Faili likawa kabatini. Siku moja nilimwambia andika basi hata peke yako. Akaniambia, "Namwandikia nani?"

Kisukari kikamzidi. Hospitalini, Rehema alipoingia na uji, neno alilouliza ni, "Posta umepita?" Hakuwa na Alhamisi nyingine.

Kwenye arobaini Daktari alikuja. Kutoka Mpwapwa, kwa mabasi, na umri ule, na mkongojo! Ni Mkristo, lakini alikaa mkekani na wanaume mpaka hitma ikaisha, kofia ya kuazima kichwani. Watu walipopungua nikamwita uani.

"Shemeji," nikamwambia, "Nalinga hakuvusha mbuzi. Aliyevusha ni mjomba wangu Selemani. Nilijua, na nilisema uongo."

Akainamia mkongojo wake. Nikadhani hakusikia, maana sikio moja halimfanyi kazi. Halafu akauliza:

"Wangapi?"

"Nini, shemeji?"

"Mbuzi. Walikuwa wangapi?"

"Saba. Wawili walikuwa wanakohoa."

Akatoa daftari mfukoni kwa mazoea, akatoa na kalamu. Akaandika nusu ya neno, akafunga daftari.

"Siwezi leo," akasema. "Alikufa akiamini mimi ni mtu wa namna gani?"

Nikakunja ncha ya kanga yangu.

Ndipo akafungua mkoba wake akanipa bahasha tatu. Zilikuwa na jina la mume wangu na sanduku letu, lakini hazikuwa na stempu. "Niliziandika, sikuzituma. Nami nilikuwa nasubiri yeye aanze. Sasa ni zako."

Nimezisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, wiki nzima. Ya kwanza ana hasira. Ya pili anaeleza habari ya karatasi ile upya, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Ya tatu ni fupi. Anasema: "Ndugu yangu, macho yangu yanaisha. Nimeamua kuifuta ile habari ya ofisini. Iwe kama mkeo alivyosema. Nalinga amekufa, hatadhurika. Mimi nataka barua zako."

Mnaona? Mtu yule asiyekubali neno "inasemekana" alikuwa tayari kuizika kweli aliyoikuta kwa macho yake, ili rafiki yake amrudie. Na mume wangu alikuwa anamsubiri kwenye sanduku tupu. Wote wawili walikuwa wanalinda uongo wangu bila kujua, kila mmoja upande wake. Na mzee wa watu, aliyetembea kwa miguu kuokoa mbuzi wa kijiji, angeandikwa mvusha magendo milele! Yarabi, nikulilie wapi?

Daktari hakunifokea. Ningependa angenifokea. Anaendelea na kitabu, mwanawe anamwandikia kwa sababu ya macho. Humo jina langu litakuwapo, na la Mjomba Selemani litakuwapo, nimeridhia. Hapa wajukuu wameniomba nisiliandike langu, nikawasikiliza. Lakini hayo mawili, Nalinga na Selemani, nimeyataja wazi, na watu wa kwetu wakinijua kwa hayo, wanijue.

Ila kuna jambo alilonieleza kwa simu mwezi uliopita, taratibu, kwa heshima. Alisema, "Shemeji, itabidi kila jina lililotoka kwako peke yako niliwekee alama ya kuuliza. Sitaki, lakini ndivyo kazi hii ilivyo. Msomaji lazima ajue."

Nikamwambia weka, shemeji. Nikakata simu nikalia.

Sasa nawaambia ninyi mnaosoma, hasa wazee wenzangu tunaofuatwa na wajukuu na vinasa sauti, na walimu na watu wa vyuo. Ukiulizwa jambo ambalo umebaki peke yako kulijua, ogopa! Usijivune kama nilivyojivuna. Ukitaka kumsitiri ndugu yako, sema sijui, sema nimesahau, nyamaza, yote hayo Mungu anayajua. Usimtafutie kosa lake mtu aliyelala kaburini. Na mkikosana na rafiki, tuma barua, jamani. Itume hata kama mbaya.

Mama mmoja kijijini kwetu, Mwanahawa binti Litunu, alikuwa anafunga miguu ya mbuzi iliyovunjika kwa magome ya mti, na mbuzi anatembea. Ni kweli tupu. Nilimwona kwa macho yangu, nilimshikia kamba. Hakuna mwingine aliye hai anayemkumbuka, na huko kitabuni amewekewa alama ya kuuliza kwa sababu shahidi wake ni mimi.