Tulivyokwenda Pinga Kumfungia Baba Mlango

Hatukwenda kutembea. Mume wangu Zakaria, mzee wa kanisa letu hapa Masisi, alitumwa na mchungaji akamwambie baba yangu kwamba ametolewa katika darasa la ubatizo. Baba aliingia darasa hilo mimi ningali msichana. Sasa nina watoto wanne, naye bado ni mwanafunzi. Kila akirudi kuwinda, kipande cha ini la mnyama hukiweka kwenye kibanda cha wahenga nyuma ya nyumba. Wazee wa kanisa walisema wamechoka naye. Niliomba kufuatana na Zakaria, maana habari kama hiyo sikutaka imfikie baba bila mtoto wake kuwa karibu.

Asubuhi ya kuondoka, baridi ilikuwa bado imelala juu ya mashamba ya maharage. Nilifunga kikapu: chumvi, sabuni, na viazi ambavyo baba huvicheka kwamba ni chakula cha watu wasio na ndizi. Zakaria alikuwa ameshatangulia njiani. Ni mtu mwema, lakini hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Ulimi wake umeungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kusimulia.

Kitshanga tulipata lori la kahawa, likatusogeza kidogo, kisha tukaendelea kwa miguu. Njiani watu walikuwa wakifukia mashimo ya barabara kwa amri ya Wabelgiji, wakatuuliza tunakwenda wapi. "Kwa kazi ya Mungu," Zakaria akajibu.  Mimi moyoni nilikuwa namwomba Mungu huyo huyo alete mvua, barabara ikatike, turudi nyumbani. Haikunyesha hata tone.

Karibu na Pinga milima ilituacha, msitu ukatufunika. Tukafika mtoni, kwenye daraja la kamba za msituni. Kwa sisi tuliozaliwa huko, daraja lile ni njia tu. Nililivuka nikiwa mgongoni mwa mama. Kwa mtu wa milimani ni jambo lingine. Habari zetu zilikuwa zimetutangulia, kwani ng'ambo nilimwona baba amesimama na mkuki wake, amekuja kumpokea mkwe. Nilivuka kwanza, nikapiga magoti kumsalimu.

Zakaria akafuata. Alipofika katikati akatazama chini. Maji yalikuwa yanakimbia chini ya nyayo zake, na daraja likamtikisa kidogo. Akashika kamba kwa mikono miwili, akasimama, asiende mbele wala nyuma. Daraja lile hupita mtu mmoja mmoja. Nyuma yake wanawake wa soko wakaanza kujaa. Upande wetu wakafika vijana wenye madebe ya mawese.

"Papa, tutalala hapa ao?" kijana mmoja akalalamika. "Niende nimuvute."

"Hapana," baba akasema. "Ukimuvuta, ataanguka. Mumuache. Iko anakuja."

"Anakuja wapi? Haiko anatembea!"

"Anashika kamba. Muntu mwenye anashika kamba iko anakuja."

Akaketi juu ya jiwe. Mara kwa mara aliita tu, "Mukwe, niko hapa." Hakumhimiza, hakucheka. Wanawake wa ng'ambo wakatua mizigo yao wakaanza kupiga soga. Jua lilikuwa limeinama Zakaria alipoinua mguu mmoja, halafu wa pili. Alifika shati limelowa jasho. Baba akamshika mkono, akasema, "Karibu," kana kwamba hakukuwa na kungoja kokote.

Jioni, nyumbani kwa baba, tuliandaliwa ugali, sombe ya majani ya muhogo na nyama ya nguruwe wa porini. Kabla ya kula, baba alikata kipande cha ini akaenda nacho nyuma ya nyumba. Zakaria alimwona.  Baba alirudi, akafumba macho, akaomba kwa jina la Yesu. Kisha akauliza mwenyewe:

"Mukwe, weye hautembeake mbali bure. Banasema nini kule?"

Zakaria alikuwa anatazama viganja vyake. Alama za kamba zilikuwa bado zinaonekana.

"Papa, ile ini ni ya nini?"

"Ya bankambo, babu zetu. Zamani nilikuwa nabapatia muguu muzima. Nilipoanza masomo, nikapunguza. Sasa ni kapande kadogo. Kubaacha yote siku moja, naogopa. Lakini Yesu namupenda, sikudanganye."

Nilingoja lile neno la kumtoa darasani likate. Zakaria akasema, "Balinituma nikuone. Nimekuona." Akavuta sahani. Mimi nilitoka kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, nikalia kwa furaha.

Wakati wa kurudi alivuka amefumba macho, mimi nikimwongoza kwa sauti. Ng'ambo akaniambia, "Mambo ya daraja, usimuambie muntu." Nikaapa.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji akamwuliza mbele ya wazee wote, "Ulimuambia?"

"Sikumuambia."

"Miaka yote hiyo!" mzee mmoja akapaza sauti. "Muntu ule haendelee!"

 Ninamjua Zakaria, heri apigwe kuliko kuchekwa. Lakini akasimama akasimulia daraja lote mwenyewe: kamba, jasho, wanawake wa soko waliomngoja. Wazee walicheka, mchungaji akafuta machozi. Kicheko kilipoisha, Zakaria akasema, "Kama papa angebaacha banivute, ningekuwa ndani ya maji. Miye siwezi kumukatia kamba."

 "Abakie darasani," mchungaji akasema.

Mpaka leo baba hajabatizwa. Zamani nilidhani Mungu anakawia kwake, na nilikuwa naona aibu kwa ajili ya wote wawili, baba na Mungu. Siku hizi msafiri akitoka Pinga akaniambia mzee ameamka, anakohoa kidogo, ameshika mkuki wake ameenda kuwinda, mimi hupumua. Najua Mungu amemngoja tena siku nyingine.