Matundu Mawili, Njia Moja

Machimboni walimwita Mama Vipimo. Kila asubuhi aliupima ukuta wa mwamba kwa mashine ya leza ya miguu mitatu, kisha akaketi kwenye kontena lililogeuzwa ofisi kuangalia kama ukuta umesogea. Kwa miaka tisa haukuwahi kusogea zaidi ya unene wa ukucha. Wanaume walimtania kwamba analipwa kulinda jiwe lisitoroke.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, kipande cha ukuta kiliporomoka kikafukia katapila. Ndani yake alikuwamo shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva waliyembatiza Kijiko. Walimsikia akigonga chuma. Alikuwa hai.

Msimamizi akakusanya watu ishirini wenye sururu na kuwapeleka chini ya ukuta. Mama Vipimo, ambaye alishaupima upya, akamzuia.

"Uliobaki juu sijui umetulia au unakuja. Ngoja nilinganishe kipimo cha asubuhi na hiki."

"Utachukua muda gani?"

"Robo saa."

Alikimbia kontenani na diski ya nje yenye kipimo kipya, akaichomeka kwenye kompyuta mpakato. Kompyuta ikaandika: kunakili, dakika arobaini na nane.

Hapo ndipo alipotazama ubavu wa kompyuta. Ulikuwa na matundu mawili yanayofanana kama pacha. Moja lilikuwa na diski yake. La pili lilikuwa na waya wa skrini kubwa ya ukutani, ambayo mkurugenzi alikuwa ameichomeka ili yeye na wageni wake waone kinachoendelea. Mama Vipimo akakumbuka maneno ya fundi aliyewahi kuitengeneza ile kompyuta: matundu ni mawili, lakini njia ndani ni moja. Skrini ikianza kupita, diski inapata upenyo mdogo tu.

Akauchomoa waya wa skrini. Ukutani pakawa peusi.

"Unafanya nini?" mkurugenzi akauliza, akiwa amekaa na wageni wake mbele ya skrini.

"Skrini inakula njia ya diski, bosi. Anayetaka kuona asimame nyuma yangu."

"Hawa wageni wametoka mbali."

"Na aliye chini ya mawe yuko karibu."

Mkurugenzi akaja kusimama nyuma yake. Dakika zikashuka hadi kumi na mbili. Mama Vipimo alizihesabu zote. Zilipobaki nne, msimamizi akachungulia mlangoni.

"Anagonga polepole sasa."

Mama Vipimo akaendelea kuzitazama dakika.

Picha za vipimo viwili zilipolaliana, sehemu ya juu ya ukuta ikawa nyekundu. Ilikuwa imesogea kiganja kizima tangu asubuhi.

"Asisimame mtu chini yake," akasema. "Ingieni kwa nyuma, upande wa barabara ya malori."

"Huko ni saa tatu za kuchimba. Kwa mbele ni moja."

"Najua."

"Ni shemeji yako yule."

"Namjua ni nani. Ingieni kwa nyuma."

Walichimba saa tatu na nusu. Kijiko akatoka akipumua, mguu wa kulia umesagika. Jioni daktari akaukata, akasema pengine angeletwa mapema ungepona. Kwenye korido ya hospitali mama mkwe alimgeukia mkwewe.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasubiri kompyuta."

Mume wa Mama Vipimo akamshika mama yake mkono akamkalisha.

Ukuta haukuanguka siku ile, wala kesho yake. Minong'ono ikaanza kwamba mguu ulipotea bure. Kila alipoupima alijikuta akitamani uanguke, akaona aibu. Siku ya tatu, adhuhuri, uliporomoka wote, pale pale ambapo wale ishirini wangesimama. Hapakuwa na mtu. Msimamizi alikuja hadi mlangoni mwa kontena, akavua kofia yake ya kazi, akaondoka.

Mama mkwe aliletewa habari hizo. Tangu hapo humsalimia mkwewe, lakini hamwulizi kuhusu kazi.

Kijiko ndiye aliyeuliza, wiki ya pili, akiwa bado kitandani.

"Shemeji, ungejua mguu utakwenda, ungewaruhusu wapite mbele?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Nisingewaruhusu."

Kijiko akainamisha kichwa kukubali, kisha akamwomba amsogezee mto.