Chupa za Mwaka wa Sabini na Nane

Sylvère Bouscarel alikuwa na pua, na bonde zima lilijua. Wengine walikuwa na mashamba, wengine vyeo katika ushirika wa wakulima, mmoja alikuwa na mtoto mwanasheria kule Montpellier. Sylvère alikuwa na pua. Mkahawani walimwita Pua hata mbele ya mkewe. Ilisimuliwa kwamba aliwahi kuingia kanisani kwenye maziko ya mtu, akavuta hewa mara moja, akanong'ona kuwa padri amebadilisha mvinyo wa misa. Padri alikuwa amebadilisha.

Pua hiyo iligunduliwa kwenye shamba la kina Roucairol, alikoajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa kuosha mapipa. Mwenye shamba, Ambroise Roucairol, alikuwa mtu wa kuchekwa. Enzi hizo mvinyo wa bondeni uliuzwa kwa lori la tangi na kunywewa kabla ya mavuno mengine, kwa sababu baada ya hapo uligeuka siki, ukafaa saladi tu. Ambroise akapanda mizabibu juu kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi walipita kwa kusitasita, akauweka mvinyo wake kwenye mapipa karibu miaka miwili, akautia kwenye chupa, kisha akawaambia watu wasubiri miaka ishirini.

"Ambroise," walimwambia kwenye ushirika, "huo mvinyo wako ukiiva sisi tutakuwa mbolea."

"Basi angalau mtafaa kitu," aliwajibu.

Mvinyo wa kwanza ulikuwa wa mwaka wa sabini na nane. Uliiva, na baadhi ya waliocheka walikuwa kweli wamekwisha kuwa mbolea. Ambroise mwenyewe alifuata baadaye. Kufikia wakati wa habari hii, zilizobaki za mwaka ule zilikuwa chupa ishirini na nne, na hazikuuzwa. Mgeni akiuliza kama kweli mvinyo wa kusini unaweza kuzeeka vizuri, Bi Honorine, mjane wa Ambroise, hakubishana. Alifungua chupa moja. Familia nzima ilikuwa imesimama juu ya hizo chupa kama nyumba ilivyosimama juu ya msingi.

Lakini kizibo nacho huzeeka. Kila baada ya miaka ishirini hivi chupa hufunguliwa, hunuswa, hujazwa palipopungua, kisha huzibwa upya. Kinachojazwa lazima kiwe mvinyo wa mwaka uleule, kwa hiyo chupa moja huchinjwa ili nyingine ziishi. Na hapo ndipo penye hatari. Kuna ugonjwa unaotoka kwenye kizibo, ambao huufanya mvinyo unuke kama boksi lililolowa mvua. Chupa ya kujazia ikiwa na ugonjwa huo, kila inachokigusa kinaugua. Ndiyo maana Ambroise aliweka sheria: chupa ya kuchinjwa hunuswa na watu wawili.

"Mimi peke yangu nitainusa kama baba yake," alisema, "na baba haoni kengeza la mwanawe."

Sylvère aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwaka wa tisini na tisa, walipozibua na kuziba mara ya kwanza. Alikuwa pua ya pili.

Zamu ya pili iliangukia Machi ya mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi Februari, Sylvère aliugua ule ugonjwa ulioizunguka dunia. Alikohoa wiki mbili, akapona. Asubuhi moja akaweka kahawa mezani, akainamia kikombe, na kikombe hakikusema kitu. Alinusa sabuni. Alinusa soksi zake. Akaenda bandani akanusa petroli, na petroli ilikuwa maji.

Hakumwambia mtu. Daktari angesema ni jambo la kawaida, harufu zitarudi zenyewe. Lakini daktari ni mtu wa bondeni, na ana mke. Sylvère akawa anainua glasi kama zamani, anafumba macho kama zamani, kisha anasema maneno aliyoyasema mwaka uliopita kuhusu pipa lilelile. Mapipa hayakumkana. Kuna fani nyingi ambamo mtu huweza kuishi hivyo mpaka kustaafu.

Siku ya kuziba chupa ilipofika, Solange, binti wa Ambroise ambaye sasa ndiye aliyeendesha shamba, alimtuma Maylis ashuke naye kwenye ghala la chini. Maylis alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtaalamu wa mvinyo mwenye vyeti, mzaliwa wa Bordeaux, kwa wenye mvinyo wa fahari, jambo ambalo kule kwetu halisameheki upesi.

"Mzee, nimetumwa nikusaidie kunusa," alisema.

"Watu wa Bordeaux hunusa kwa cheti," Sylvère akamjibu. "Nenda kanuse vyeti vyako."

"Bi Solange amesema pua mbili."

"Mwambie Solange nilikuwa nanusa humu ndani yeye akiwa bado ananuka maziwa."

Akafunga mlango. Hakuwa mkorofi, alikuwa na hofu, na kwa mbali vitu hivyo viwili vinafanana. Alizibua chupa zote. Alichagua moja, akainusa kwa muda mrefu, kwa heshima, akasikia kile alichokuwa akisikia kwa miezi kumi na tatu. Akaikubali. Akajaza kwayo kila chupa iliyopungua, akaziba, akapanda ngazi akisema zote ziko salama.

Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua. Sylvère alifichuliwa na mwanakondoo wa Pasaka.

Ilikuwa mwaka uliofuata. Bi Honorine alikuwa amefikisha miaka themanini na minane, akaamua chupa moja ya sabini na nane inywewe nyumbani, bila wageni. Mezani walikuwa yeye, Solange, Maylis, na Sylvère na mkewe Régine, waliokuwa wakialikwa kila Pasaka. Glasi ya kwanza, kama ilivyokuwa desturi, alipewa Pua.

Aliizungusha. Akafumba macho. "Ah," akasema. "Majani ya mlimani. Ngozi ya tandiko. Na mwishoni, kwa mbali, zeituni nyeusi. Mzee Ambroise angelia."

Alipofumbua macho, kila mmoja alikuwa ameshika glasi yake na hakuna aliyekuwa akinywa. Solange alikuwa akimtazama Maylis. Maylis alikuwa akiitazama nyama. Bi Honorine aliweka glasi yake mezani polepole, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Inanuka kama chumba cha chini cha posta," alisema.

Régine akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemfuata.

"Ni vizibo," alisema Solange, na uso ulikuwa umempauka. "Vizibo vipya. Maylis, ni nani aliyeviagiza?"

"Mimi, Bi Solange. Lakini nilivipima."

"Ulivipima! Baba yangu alivunja mgongo juu ya hayo mawe ili uje uniambie ulivipima?"

"Kizibo kibovu huharibu chupa moja, nyingine huenda ziko—"

"Kesho tutazungumza kuhusu mkataba wako."

Msichana aligeuka. Alikuwa amemwelekea Sylvère, si kwa kumshtaki, bali kama mtu anayesubiri fundi mwenzake atoe hesabu iliyo wazi: mzee huyu amesifu zeituni nyeusi ndani ya boksi lililolowa. Alijua. Na hakusema, kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyomchoma Sylvère mpaka masikio yakawaka moto.

"Si vizibo," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Ni chupa ya kujazia. Niliinusa peke yangu."

"Pua moja?" aliuliza Bi Honorine.

"Moja, Bi Honorine. Nilikuwa na mafua siku ile."

Hapo alikuwa amekiri nusu. Mafua yangeweza kueleza siku moja ya Machi. Hayakueleza zeituni za dakika tano zilizopita. Bi Honorine hakuuliza zaidi. Wala hakumtukana; angemtukana, Sylvère angeshukuru.

"Ulikuwepo Ambroise alipoiweka sheria," alisema tu, kisha akamwomba Régine ampitishie viazi.

Jumatatu ya Pasaka hakuna anayefanya kazi, lakini asubuhi Sylvère na Maylis walikuwa ghalani. Zilibaki chupa ishirini na mbili. Chache zilikuwa hazikupungua mwaka jana, kwa hiyo hazikujazwa, kwa hiyo zilikuwa nzima, lakini zipi? Sylvère hakuweka alama, kwa sababu mwenye pua haweki alama. Ilibidi zifunguliwe zote.

Yeye alizibua, Maylis alinusa.

"Mbovu," alisema. Sylvère akaimwaga kwenye ndoo. Miaka arobaini na mitano, na sauti yake ilikuwa kama ya maji ya kudekia.

"Mbovu."

Akamwaga.

"Mbovu, mzee. Pole."

"Usinipe pole. Nusa."

Ya saba ilimsimamisha Maylis. Aliinusa, akainusa tena, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alipogeuka uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto.

"Hii nzima," alisema. "Nadhani ni nzima. Sijawahi kuukuta huu mvinyo ukiwa mzima, mzee, sijui unapaswa kuwaje. Wewe uliunusa mwaka wa tisini na tisa na Mzee Ambroise. Niambie, ndivyo ulivyokuwa?"

Akamnyooshea glasi kwa mikono miwili.

Sylvère aliipokea. Ingetosha kufumba macho. Maneno alikuwa nayo, tena ya kweli, ya mwaka wa tisini na tisa, na safari hii yangeangukia mvinyo unaostahili. Aliishika glasi mpaka mvinyo ukatulia.

"Sijui," alisema. "Sisikii kitu, binti. Si mafua. Tangu Februari ya mwaka juzi, sisikii kitu chochote."

Maylis alitazama ndoo, akamtazama yeye. "Hata jana?"

"Hata jana."

"Zile zeituni?"

"Zilikuwa za mwaka wa tisini na tisa."

Maylis alikuwa na haki ya kucheka, na alicheka kidogo, kwa pua, kisha akaona haya. Alichukua glasi, akaiandika chupa ile kwa chaki: nzima. Sylvère aliinamia ya nane, akaizungushia kizibuo. Kuna aliyebaki wa kuambiwa kabla ya chakula cha jioni: Régine, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisifiwa kila supu aliyopika, akaamini, na siku moja, mbele ya dada zake, akalia kwa furaha.