Ng'ombe wa Ramadhani yuko Kibua, mwenyewe yuko Kigoma

Wakuu, nawasalimu wote, wa kijiweni na wa maofisini.

Humu mimi ni wa kusoma na kusepa. Leo nimebanwa, nimeona bora niseme. Mkitaka chai nendeni uzi mwingine, hapa nitawapa mambo yalivyotokea, hata yale yanayonitia aibu.

Mimi ni mwanamke wa Karuba, Masisi, huku Kivu ya Kaskazini. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza fromaji, yaani ile jibini ya duara ya milima yetu. Papa, yaani baba yangu, alifuga, mimi nikakamua na kugandisha.

Sasa ng'ombe wa maziwa bila chumvi ni kazi bure. Analamba udongo, analamba ukuta, maziwa yanapungua. Na chumvi yetu ilikuwa inatoka kwenu Tanzania, kule Uvinza.

Aliyeileta nitamwita Ramadhani, jina lake halisi naliacha. Mfanyabiashara wa Kigoma. Chumvi inavuka Ziwa Tanganyika hadi Uvira, inapanda Bukavu, inaingia boti hadi Goma, halafu lori hadi kwetu. Akishusha magunia, anapakia fromaji na maharage anarudi navyo. Kila safari alikuja mwenyewe.

Mara ya kwanza alimwambia Papa "Shikamoo mzee." Papa akajibu "Asante sana." Sisi Wakongomani hiyo salamu hatuna, kwa hiyo msitucheke.

Watu wa Karuba walimpenda. Siku ya chumvi ilikuwa sikukuu bila padri. Wamama wanashuka na mabeseni, wanaume wanajifanya wana kazi karibu na lori, na Ramadhani katikati, kofia yake ya kiua, anauliza habari za kila mtoto kwa jina. Jamani, nazikumbuka siku zile hadi nasikia maumivu.

Kuna mwaka njia ilikuwa mbaya na wachuuzi wote wakakata mguu. Miezi hatukuona chumvi. Ramadhani akaja. Lori likamkwamia njiani, pale Mushaki, akakodi pikipiki za kubeba magunia, yeye akapanda mlima kwa miguu, kwenye mvua, na umri ule.

Papa alikwenda zizini, akatoa mtamba mzuri kuliko wote, akamkabidhi mbele ya majirani.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo palipotuponza.

Kwetu ng'ombe wa urafiki si zawadi kama shati. Ukishapewa, wewe na aliyekupa mmekuwa nyumba moja. Unaweza kumwacha alishwe kwa yule yule aliyekupa. Ila humchinji, humuuzi, na akizaa jike, ndama huyo siku moja utampa rafiki yako kwa mkono wako. Na jina unampa wewe, yeye na uzao wake, umemshika mgongoni.

Ramadhani alimshika mgongoni akamwita Uvinza. Akamwacha kwetu, maana kuvusha ng'ombe hadi Kigoma ni kumtafutia kifo. Hayo mengine ya kutouza hakuna aliyemweleza. Papa aliona ni jambo ambalo kila mtu mwenye akili analijua. Mimi nilikuwa hapo hapo, wala halikunijia kichwani.

Halafu vita vikafika Karuba.

Sitaeleza vita, mmeviona kwenye simu zenu. Tulipita Masisi mjini, tukapita Nyabiondo, siku nyingi kwa miguu, hadi Kibua, Walikale. Huko ni msitu. Watu wake wanalima mihogo na kuwinda, majani ya kulisha ng'ombe ni ya kutafuta kwa tochi. Tuliondoka na kundi zima. Wengine walichukuliwa njiani, wengine walikufa. Tuliyefika naye ni Uvinza peke yake, tena kwa sababu Papa alimfunga kamba kiunoni mwake na hakuifungua.

Tulipokelewa na Mama Feza, mkulima wa pale, mjane mwenye mdomo na moyo. Akatupa chumba na kipande cha shamba.

Kibua netiweki ni ya kupandia kilima. Siku moja nikapanda na Papa, nikampigia Ramadhani. Alilia kusikia sauti zetu. Akauliza tunakula nini. Nikamwambia ukweli, mihogo, na siku nyingine hata hiyo haipo.

Nikampa Papa simu na sauti ya nje, Ramadhani akasema, "Mzee wangu, huyo Uvinza muuzeni basi. Kuleni. Mimi sina neno kabisa."

Papa akasema "Sawa, Ramazani," akanirudishia simu. Akashuka kilima mbele yangu.

Nilipomfikia akaniambia, "Usikie, mutoto. Muntu akikuambia uuzishe ngombe yenye ulimupatia, iko anasema urafiki inaisha. Njo vile amesema."

Wakuu, mimi ningeweza kumaliza jambo lile palepale. Nimefanya biashara na Watanzania nusu ya maisha yangu, nilijua Ramadhani alisema kwa huruma. Kwao, kumwambia ndugu yako uza mali yangu ule ndiyo undugu wenyewe. Ilikuwa kugeuka tu, kupanda tena, kupiga tena.

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa na nilitamani ng'ombe auzwe.

Hakumuuza. Mwenye mali amekutupa, Papa alisema, lakini wewe huwezi kutupa mali ya mtu. Ila Ramadhani akipiga, Papa hapokei. Nikipanda kilima peke yangu, Ramadhani ananiuliza, "Mzee mzima? Mbona hataki kuongea na mimi?" Namjibu miguu inamsumbua. Uongo mtupu.

Kisha Uvinza akazaa, ndama jike. Nyumba nzima tukafurahi, maziwa yamerudi! Papa akakataa hata kuonja. Anakamua, anawapa watoto wa Mama Feza, yeye anakunywa maji. Alisema maziwa ya urafiki uliokufa hayapiti kooni mwake. Akawa anakonda, anakaa na ndama, haongei na mtu.

Mama Feza hakuelewa. Akanibana jikoni, nikamweleza yote, na ile njaa yangu pia.

Alitupa mwiko. "Wewe uko na kichwa kweli? Muzee anakataa maziwa, na unajua sababu, unanyamaza tu? Akikufa na ile kinyongo, utaiweka wapi?"

Nikapanda kilima mchana ule ule, unga bado mikononi. Nikamweleza Ramadhani kila kitu.

"Binti yangu," akasema, "mbona hukuniambia? Mimi nimemtukana baba yako mwaka mzima bila kujua?"

Kesho yake asubuhi nikampandisha Papa kilimani, Mama Feza akimsukuma mgongoni na matusi ya upendo. Nikaweka simu sauti ya nje.

Ramadhani akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Nilisema kwa ujinga. Ng'ombe wangu asiuzwe hata mkilala njaa, na mimi nitalala njaa huku."

Papa alishika simu kwa mikono miwili. "Ramazani, kwetu ngombe ya urafiki hatuiuzishake. Ile ngombe njo wewe mwenyewe." Halafu akacheka, wakuu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Karuba. "Amezala. Mutoto mwanamuke."

"Alhamdulillahi! Mpe jina basi, mzee."

"Hapana. Si kwa telefone. Jina inatoka mu kinywa ya mwenyewe, amemushika ku mugongo. Utakuya."

"Nitakuja, mzee wangu. Njia ikifunguka tu, nakuja."

Siku ile Papa alikunywa maziwa vikombe viwili.

Hiyo sasa ni zamani kidogo. Ndama amekuwa mtamba. Hana jina. Watu wanamwita "yule", na Papa anawakemea, "Mwenyewe iko mu njia." Kila asubuhi kabla ya chai ananiuliza, "Njia ilifunguka?" Namwambia bado. Anasema, "Itafunguka," anakwenda kukata majani. Ameshikwa na mgongo, lakini majani ya mtamba huyo hakati mtu mwingine.

Somo nililopata ni hili. Ukijua lugha za watu wawili wanaopendana, usiwe mkalimani wa bei tu, eleza na mila. Neno ulilolimeza kwa ajili ya tumbo lako linaweza kumnyima mwenzako hata maziwa.

Ningeishia hapo ningeonekana nina hekima. Lakini juzi nilipanda kilima nikakuta ujumbe wa sauti wa Ramadhani. Anaongea taratibu, pumzi fupi. Anasema daktari amemkataza safari, si mwaka huu, wala mwaka mwingine. Anaomba nimshike mtamba mgongoni kwa niaba yake, na ametaja jina. Jina zuri sana, wakuu. Nimelisikiliza mara nne.

Leo asubuhi Papa aliniuliza kama kawaida, "Njia ilifunguka?"

Nikamjibu bado.

Wa Kigoma, wa Kivu, wenye wazazi, nisaidieni hapa chini. Nikimpa mtamba hilo jina, Papa hatakuwa na mtu wa kungoja.