Tetemeko Lililokanwa Mgeta

Wiki chache baada ya ardhi kutikisika, nilipanda milima ya Uluguru na Mjerumani mmoja, mpima ardhi. Serikali ilitaka kujenga ghala la mawe upande wa Mgeta, naye alitumwa kujua tetemeko lilipiga wapi kwa nguvu na wapi lilipita kidogo, ili apapake rangi kwenye ramani. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kijerumani nilikipata misheni, Matombo. Kiluguru nilizaliwa nacho.

Kila kijiji maswali yalikuwa yaleyale. Vyungu vilianguka? Kuta zilipasuka? Mlishindwa kusimama? Na kila kijiji watu walimtupia jicho jumbe wa serikali aliyetuongoza, kisha wakasema hawakusikia kitu. Mmoja alidai alikuwa usingizini, na tetemeko lilitukuta mchana kweupe. Nilitafsiri upuuzi huo wote, neno kwa neno.

Tukafika kwa mama yangu mdogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa kutoka paani hadi chini, umezibwa kwa udongo ambao haujakauka. Akasema ni mvua. Nikamvuta pembeni, nikamweleza kwamba mtu huyu anatafuta mahali salama pa kujenga, hana jingine.

“Mzungu aliyemtangulia huyu aliuliza wanaume wenye nguvu ni wangapi,” alinijibu. “Tukamwambia. Wakachukuliwa kujenga reli, na baba yako mdogo amerudi na mguu mmoja. Sasa huyu tumwambie nini, mwanangu?”

Hata hivyo nilimweleza Mjerumani kwamba ufa ule ni mpya na kwamba watu wanaogopa. Akamuuliza tena mama mdogo, naye akarudia mvua yake. Mjerumani akanigeukia.

“Kazi yako ni kutafsiri,” alisema. “Si kujibu.”

Akapaka mteremko ule rangi ya mahali palipotulia.

Ghala lilijengwa hapohapo. Ardhi ilipotikisika tena, ukuta wake mmoja ukaporomoka. Hakuumia mtu, ila amri ilitoka siku ileile: wanakijiji wabebe mawe mapya kutoka mtoni. Nilimkuta mama mdogo njiani, jiwe kichwani, akipanda kwa shida. Nikampokea lile jiwe, tukapanda, kila mmoja na hasira zake.