Baba mkwe alikuja Joburg kumchukua mke wangu, tukaishia kujadili jezi za besiboli

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Hiki ninachoandika kilitokea nyumbani kwangu, Johannesburg, mwaka 2019. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana shemeji zangu wamo humu humu jukwaani.

Mimi ni fundi wa lifti. Yale maghorofa ya ofisi Marshalltown, lifti ikikwama na mabosi wamo ndani, napigiwa mimi. Mke wangu, nimwite Neema, anapika keki kwenye hoteli moja Sandton. Alianza kazi pale kwa kuosha vyombo. Tuna binti mmoja, Imani, wakati huo alikuwa na miaka mitano.

Mtakumbuka mwaka ule zilitokea fujo dhidi ya wageni. Maduka yalichomwa mjini. Sisi hatukuguswa, ila Neema alilazimika kulala kazini mpaka barabara zikatulia.

Baba mkwe akayaona hayo kwenye TV, kule nyumbani Tanzania, Same.

Hakupiga simu kuuliza. Alikata tiketi. Ya kuja ilikuwa yake peke yake. Za kurudi, za wiki kadhaa baadaye ili Neema apate muda wa kuaga kazini, zilikuwa yake, ya Neema na ya Imani.

Mimi sikuwemo.

Mzee ni mkaguzi wa shule mstaafu. Mtu wa maneno machache na suruali iliyonyooshwa. Alipofika alikaa sebuleni, akaniambia, "Baba Imani, nimekuja kuwachukua watoto wangu. Tutaongea."

Nikamjibu, "Sawa, Baba."

Basi, hatukuongea. Wenye wakwe mnanielewa. Huwezi kumkatalia, na kukubali pia huwezi. Unabaki unauliza kama chai imekolea sukari.

Jumamosi Neema anakuwa kazini. Ikafika Jumamosi ya kwanza, niko na Mzee sebuleni, tunaangalia ukuta. Nikaona hii siku haitaisha. Nikamwambia kuna uwanja hapo nyuma, watu wanacheza mchezo fulani, twende tukanyooshe miguu na mtoto.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Kwa asiyeujua: mmoja anarusha mpira, mwenzake anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupata vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, akirudi alipoanzia ni pointi. Akiukosa mara tatu anarudi kukaa. Timu ya mtaa wetu ilikuwa na watu wengi wanaorudi kukaa.

Pale kwenye viti vya watazamaji kulikuwa na jirani yangu, Papa Kalonji, Mkongo wa Lubumbashi, anauza viatu Newtown. Mwanae Chadrack, kijana wa miaka kama ishirini, ndiye alikuwa mrushaji wa timu. Kila mtu alikuwa anasema yule atafika mbali. Kuhusu wengine hakuna aliyesema kitu.

Mzee aliwakagua wachezaji mmoja mmoja. Halafu akauliza, "Kwa nini wamevaa hivyo?"

Hapo lazima niwaeleze. Zamani timu ilikuwa inavaa njano yenye mistari myeusi, ndiyo maana sisi waswahili tuliwaita Nyuki. Msimu ule akapatikana mfadhili, wakabadilishiwa uniform, wakavishwa zambarau mwili mzima. Walifanana na bilinganya.

Nikamweleza Mzee. Akatikisa kichwa. "Timu inayofungwa haibadilishi sare. Watu watadhani kuna timu mbili zinazofungwa."

Papa Kalonji akageuka. "Papa, rangi haina mubaya. Suruali njo mubaya. Inamukamata Chadrack ku mapaja. Ataenda mbio namna gani?"

Mzee akaitazama ile suruali. "Hilo ni kweli," akasema.

Tulifungwa vibaya siku hiyo. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Mzee aliongea na mimi. Tangu nimwoe binti yake tulikuwa hatujawahi kuongea hivyo.

Jumamosi iliyofuata alivaa kabla yangu.

Wakuu, ikawa ndiyo maisha. Mzee akaanza kuwapa wachezaji alama kama vile bado yuko kazini. Unadhifu, D. Kukimbia, C. Chadrack peke yake alipata B, kwa sababu anachomekea shati. Yeye na Papa Kalonji walibishana kuhusu zile soksi ndefu mpaka watu wa mbele wakawa wanageuka kuangalia.

Mara moja tulishinda kwa sababu gari la wapinzani liliharibika njiani, wakafika pungufu. Mzee alikataa kuihesabu.

Jioni mezani ni hayo hayo. Kama kocha anafaa. Kama mfadhili atakubali kurudisha njano. Kama kuna mchezaji mwingine wa kutegemea Chadrack akiumia. Neema anarudi amechoka, anatupakulia, anatuangalia, hasemi kitu.

Mimi moyoni nilikuwa nafurahi. Nilidhani Mzee amesahau kilichomleta. Kumbe tiketi zilikuwa kwenye mfuko wa koti lake muda wote, na siku ya safari ilikuwa inakuja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Papa Kalonji akatupa habari. Kuna kocha wa Ulaya aliyemwona Chadrack, anamtaka aende kwenye majaribio.

Mzee akamuuliza, "Na wewe umesemaje?"

"Miye? Ni yeye njo anaitwa, Papa. Hawakuniita miye."

"Ni mtoto wako. Huko ni mbali. Hujui atalala wapi."

Papa Kalonji alikuwa anamwangalia mwanae akijiandaa kurusha. "Wakati natoka Lubumbashi, mama alilia sana. Kisha akanisaidia kufunga valizi ya manguo. Kama alinikataza, ningekwenda tu. Lakini ningekwenda na hasira."

  Siku hiyo tulishinda, tena kihalali, watu wakashangilia, na Mzee hakumpa mchezaji yeyote alama.

Jioni Neema akaingia kutoka kazini. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, tiketi ziko mezani.

Akasema, "Mwanangu, kesho kutwa ndiyo safari. Fungasha vya kwako na vya mtoto."

Neema akaweka mkoba chini. Akakaa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Baba, tangu umefika mmeongea mashati. Mmeongea soksi. Mmeongea mtoto wa Papa Kalonji aende au abaki. Mimi sijaulizwa." Akanigeukia. "Na wewe hujaniuliza."

 Nilikuwa nimeshajiamulia kwamba anataka kubaki, kwa sababu mimi nataka abaki.

Mzee akazisogeza tiketi pembeni. Halafu akasema, "Haya. Nakuuliza."

"Naogopa, Baba. Nikisikia kelele barabarani naangalia mlango. Usidhani siogopi." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini hotelini wamenikabidhi jiko lote la keki. Kuna watu nawasimamia. Nikirudi Same nianze tena kuosha vyombo vya nani? Nataka kubaki. Nikiona siwezi, nitakupigia mwenyewe."

"Utanipigia kabla ya hatari au baada?"

"Kabla."

"Sema tena."

"Kabla, Baba."

Mzee akazichukua zile tiketi, akatoa ya kwake, mbili akaziacha mezani. Akaenda kulala bila kula.

Siku ya safari tulimpeleka uwanja wa ndege wote watatu. Alimbariki Imani, akamshika Neema kichwani. Mimi akanivuta pembeni. Nikajua sasa maneno yanakuja.

"Kitasa cha mlango wenu wa nje kimelegea," akasema. "Weka kingine. Kizito."

"Sawa, Baba."

Akaingia ndani, hakugeuka.

Tukiwa njiani kurudi, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikasikia Neema analia. Nikamuuliza kuna nini, si alichokitaka ndicho amepata.

Akasema, "Nilidhani atanibembeleza hata mara moja zaidi."

Nikamuuliza kama nigeuze gari.

"Imewaka kijani," akasema. "Endesha."

Nikaendesha. Kabla ya kufika nyumbani tulipitia dukani tukanunua kitasa.

Nilichojifunza mimi ni kwamba wanaume wawili wanaweza kukaa msimu mzima wakijadili mambo ya mwanamke mmoja kupitia suruali za watu wengine, na yeye yupo hapo hapo anawapakulia chakula. Muulizeni mhusika. Hata kama jibu mnadhani mnalijua.

Nyie mlioko nje ya nchi, kuna ambaye mzazi alimfuata kumrudisha nyumbani? Mlimjibu nini, na baadaye mlijisikiaje? Nitasoma zote. Wa kucheka bilinganya nao wanakaribishwa, ila wajue tunabaki kuwa mashabiki.