Karte Iliyotoka Salamabila

Watu wa mtaa wetu hapa Kasongo wanasema Clovis ni bahili, na ubahili wake ndio uliomponza. Wanyamaze. Mimi Fabrice, fundi wa mashine, nilikuwepo, na nusu ya kosa ni yangu.

Clovis hupiga video za harusi na ubatizo, kisha huzitengeneza kwenye kompyuta ya mezani iliyozeeka kuliko ndoa yake. Mkewe, Victorine, alifariki mwezi wa tatu kwa homa ya siku nne. Wakati wa Noeli iliyotangulia, Clovis alikuwa amemrekodi akimsalimia mama yake, mama Emilienne, anayelima upande wa Lusangi. Mama na binti hawakuwa wameonana miaka mitano, barabara mbaya na watu wenye bunduki wamewatenga, na kule shambani mtandao haufiki. Salamu zile hazikumfikia. Siku ya kuondoa matanga ndipo angekuja kuzitazama na kumsikia mtoto wake.

Basi karte ya grafike, ile inayoleta picha kwenye skrini, ikafa. Tukabaki na mistari ya kijani. Mpya hapa haipatikani, na ya Bukavu bei yake haisemeki. Clovis akasikia kwamba kuna jamaa wa Salamabila aliyefunga nyumba yake ya michezo ya video, na karte moja ya zamani imembakia. Jamaa alikuwa anaoa. Wakakubaliana: karte kwa video ya harusi. Hebu fikiria, mtu yuko kwenye matanga ya mke wake, anapanda pikipiki kwenda kumpiga picha bibi harusi wa mwenzake akicheza! Alirudi macho mekundu, karte ameiviringisha ndani ya shati.

Niliitazama, nikaogopa kwamba umeme wa mashine hautaitosha.

"Clovis, hii karte inakula kura mingi. Bokse ya kura ya mashine yako iko mudogo."

"Itavumilia, ndugu yangu. Mama iko njiani. Siku moja tu, kisha tunaitoa."

Kuchomoa kwanza diski yenye ile video, tujaribu karte bila hiyo, ni kazi ya dakika kumi. Sikuichomoa. Nilimwonea huruma, na mimi pia nilitaka kumwona Victorine. Tukawasha jenereta. Picha ikatokea safi ajabu, Clovis akapiga makofi. Alipofungua ile video, tukasikia mlio, halafu harufu ya plastiki inayoungua. Bokse ya umeme ililipuka, diski ikaenda nayo. Nimeijaribu kwenye mashine tatu. Imekufa.

Mama Emilienne akafika na vumbi lake la safari. Kwa heshima ya ukwe, yeye na Clovis hawasemeshani uso kwa uso. Alikaa amempa mgongo, mimi katikati nikipeleka maneno. Nikamweleza yote. Kisha akageuka, akamtazama mkwe wake machoni, jambo ambalo sijapata kuliona.

"Mutoto wangu, wewe ulikuwa pale. Uniambie na kinywa yako. Victorine alisema nini?"

Clovis alikumbuka kwamba mwanga ulikuwa mdogo. Alikumbuka kumsogeza karibu na dirisha, na kumwomba arudie mara mbili kwa sababu kuku walipiga kelele. Alitafuta neno moja tu la mke wake, akalikosa.

"Mama," akasema akilia, "nilikuwa naangalia picha."